Skonzi Zilizolala Upande

Nyumbani,
6 Januari

Mjukuu wangu mpenzi,

Kwa heshima na taadhima, na mbele ya sufuria zote za nyumba hii zikiwa mashahidi, natangaza rasmi kwamba leo asubuhi, baada ya chai, mimi babu yako nimevaa aproni. Ina maua. Kamba ya nyuma imenishinda kuifunga, kwa hiyo nimeibana na kibanio cha nguo. Habari hii isifike kwa wenzako wa kazini.

Salamu kwanza, maana mwenye haraka hana adabu. Sisi hatujambo. Goti langu la kulia linatabiri mvua vizuri kuliko redio, na redio yenyewe nimeifungua naitengeneza, kwa hiyo kwa sasa haitabiri kitu. Baba yako huja kila Jumapili, anakula, anasema ana haraka, kisha analala kwenye kochi mpaka jua linazama. Jirani yetu fundi cherehani anakusalimu. Mke mwenzako, yaani bibi yako, ameniagiza nikuulize kama unakula chakula au unakitazama tu.

Sasa neno lenyewe. Vidole vya bibi yako unavijua. Daktari amemkataza kukanda kitu chochote. Bibi yako akamuuliza, "Hata huyu?" akininyooshea mimi. Tulicheka wote watatu. Lakini njiani kurudi hakusema neno, na unajua kuwa yeye akinyamaza ni sawa na mimi kuimba. Kesho yake akasimama mlangoni pa jiko, akasema, "Hiyo oveni apewe jirani. Chombo kisichofanya kazi kinakula nafasi."

Fundi cherehani hakukataa hata mara moja, kama watu wanavyotakiwa kukataa kabla ya kukubali. Alikuja na futi yake ya kamba akapima mlango wetu.

Mimi nimesema haiondoki. Oveni ile ikitoka, bibi yako atakuwa nani jikoni? Atakuwa mgeni. Nikamwambia, "Tungoje Pasaka. Nitaoka mimi zile skonzi zako zenye matunda ndani. Zikitoka kama zako, oveni ibaki." Akaniangalia kuanzia kandambili mpaka kipara. Akasema, "Haya, oka."

Basi nikamwomba anieleze zinavyookwa. Akajibu, "Umezila miaka yote hiyo. Hukuona?"

Mchumba, sikuona. Nilikuwa nakula. Ndiyo maana nakuandikia wewe uliyekuwa ukisimama juu ya kigoda pembeni yake kila likizo. Niandikie chochote unachokikumbuka. Usipige simu, simu iko sebuleni, na mke mwenzako ana masikio ya mlinzi wa ghala.

Na Pasaka unakuja?

Babu yako,
mumeo wa kwanza


Hospitalini, chumba cha kufulia,
4 Februari

Babu mume wangu, shikamoo.

Barua yako iliingia wodini kwa makosa, ikalazwa huko, na imeruhusiwa juzi. Nisamehe kwa kuchelewa.

Mimi mzima. Ninafua na kunyoosha shuka za watu ambao sitawaona, na nimeanza kuwajua kwa madoa yao: huyu anakunywa chai kitandani, huyu anaficha maembe chini ya mto. Msimamizi wetu tumempa jina la Pasi, kwa sababu akipita mikunjo yote hunyooka. Mwambie mke mwenzangu kwamba nakula, na kwamba kwa umbo nililo nalo sasa akae chonjo, nyumba inaweza kupata mwenyewe.

Kuhusu skonzi. Babu, kigoda kilikuwa kifupi. Nilichokiona zaidi ni viwiko. Lakini nitakuambia kile ambacho viwiko vilifanya.

Unga anauchekecha mara mbili, mara ya pili akiwa amekasirika. Hamira anaiweka kwenye maziwa ya vuguvugu na sukari kidogo, anaiacha itoke povu; isipotoka povu anaisema vibaya na kuanza upya. Halafu siagi, mayai, na ganda la limau lililokunwa. Kipimo chake ni kile kikombe kisicho na mkono. Ukipima kwa kikombe chenye mkono sijui kitatokea nini, hakuna aliyewahi kujaribu. Anakanda mpaka donge, ukilipiga kofi, litoe sauti ya tako la mtoto anayeogeshwa.

Ndani ni zabibu kavu zilizolala kwenye chai ya rangi iliyopoa, na nanasi lililopikwa na sukari mpaka likawa zito, kijiko kikisimama ndani yake hakianguki. Anatandaza kiganja cha unga, anaweka matunda katikati, anafunga kama mtu anayefunga fundo la leso, na fundo linalala chini.

Kuna jambo la kuumua donge ambalo sijui kama inanipasa kukuambia. Linaumuka kitandani kwenu. Upande wako. Bakuli linafunikwa kitambaa na kuingizwa chini ya blanketi pale ulipotoka kulala, kwa kuwa bibi anasema unaacha joto zuri kuliko jiko. Hujawahi kujiuliza kwa nini kila Jumamosi ya kuamkia Pasaka ulikuwa unaamshwa mapema ukanunue chumvi?

Bibi anashikaje kikombe siku hizi? Usijibu kama una kazi nyingi.

Mjukuu wako


Nyumbani,
20 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako siku nzima nikifikiria chumvi. Chumbani kwetu, chini ya kabati, nimekuta pakiti za kutosha kukausha nyama ya ng'ombe mzima. Mtu anaishi na mwanamke umri wote huu akidhani anapendwa kwa ucheshi wake, kumbe anapendwa kwa joto.

Hatujambo. Redio inasema tena, lakini inasema kituo kimoja tu, na si kile tunachokipenda. Vifungo vya gauni la bibi yako vimekuwa kazi yangu ya asubuhi. Mtu aliyetumia maisha yake kufungua saa za mkononi hashindwi na kifungo. Tatizo ni kwamba mteja huyu ananikosoa ninapofanya kazi.

Nimefanya jaribio la kwanza. Nilifuata viwiko vyako vyote. Nilikanda mpaka nikatoa ile sauti ya mtoto. Donge nikalilaza kitandani, upande wangu, nikakaa sebuleni kama mtu asiye na siri. Bibi yako akaenda kuchukua miwani. Halafu sauti yake ikatoka chumbani, taratibu kabisa: "Mzee, kuna mtu kitandani."

Nikasema ni skonzi.

"Najua," akasema. "Mwambie asogee, nataka kulala."

Zikaiva. Zikatoka nzuri, mjukuu wangu, usinicheke. Za duara, zimesimama wima zote, zimepakwa yai zikang'aa kama vipara kwenye harusi. Fundi cherehani alikula, akafunga nyingine kwenye kitambaa. Bibi yako nilimkatia vipande, akala kimoja polepole. Nikamngoja kama mtuhumiwa anavyomngoja hakimu. Akasema, "Ni mikate mizuri."

Umesikia hiyo? Mikate. Kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wako akakuambia ni binadamu.

Nikakaa nazikumbuka zake. Zake hazikuwa nzuri kwa macho. Zilikuwa zimelala upande, zote upande mmoja, kama abiria waliosinzia kwenye basi. Na ule upande ziliolalia ulikuwa unapasuka kidogo, nanasi linavuja, linaungulia kwenye trei na kuwa jeusi na gumu kama peremende. Wewe na baba yako mlikuwa mnagombania ule upande ulioungua. Mtu mzima na mtoto, mnasukumana.

Sasa, alikuwa anazilazaje? Nilijaribu kuziinamisha kwa mkono kabla ya kuziingiza. Zikaumuka zikasimama tena. Na sidhani kama oveni ina kosa. Oveni sasa ni bora kuliko ilivyowahi kuwa, kwa sababu mwezi wa kumi na mbili nilimpa bibi yako zawadi ya kuitengeneza: nimebadilisha bawaba za mlango, na ule mguu mfupi wa nyuma nimeuwekea kipande cha ubao, nikapima kwa pimamaji. Imenyooka kuliko meza ya hakimu.

Kwa hiyo siri iko mikononi mwake, na mikono ndiyo hiyo haifanyi kazi. Fikiri sana. Fundi cherehani amekuja kuuliza kama oveni inatumia mtungi wa gesi mkubwa au mdogo.

Hukujibu kama Pasaka unakuja. Mimi nimejibu kuhusu kikombe? Sijajibu. Basi hatudaiani.

Babu yako


Nyumbani,
15 Machi

Mjukuu wangu,

Kimya chako kimekuwa kirefu. Kama ni barua imelazwa tena, iombee dawa. Kama ni wewe, sema.

Huku ni wazima. Baba yako amepata viatu vipya na anavikalia kimya ili tuviulize. Hatujaviuliza.

Nimeoka tena, na tena. Nimezungusha trei, nimepunguza hamira, nimeongeza maziwa. Siku moja niliweka matunda pembeni badala ya katikati. Zikatoka kama watu wenye jipu la jino. Zimesimama wima lakini. Kila ninachofanya kinasimama wima. Ningekuwa nalea watoto ningejisifu.

Nilimwendea bibi yako waziwazi. Nikamwambia, "Mama, niambie kitu kimoja tu. Ulikuwa unaziinamishaje?"

Akasema, "Mkate hauinamishwi."

"Sasa zilikuwa zinainamaje?"

"Mimi ningejuaje? Nilikuwa nafunga mlango naenda kukaa."

"Unakaa wapi? Jikoni hamna kiti."

Akasema, "Ndiyo." Kisha akaenda kuzima redio, ambayo ilikuwa imezimwa.

Hiyo nimekuandikia kama ilivyo. Labda wewe utaona kitu. Mimi naona kwamba anahuzunika, na kwamba Pasaka inakuja.

Babu yako


Hospitalini, chumba cha kufulia,
28 Machi

Babu yangu, shikamoo.

Barua zote mbili zilifika salama. Mimi ndiye nilikuwa sijafika.

Mashine moja kubwa imeharibika na tunakamua shuka za maji kwa mikono, wawili wawili, mmoja huku mmoja kule, tunasokota kama watu waliogombana. Pasi naye anakamua. Juzi aliteleza akaingia kwenye kapu la foronya, na hakuna aliyecheka mpaka alipocheka yeye. Sasa tunamwogopa kidogo tu.

Babu, nikuulize, na ukumbuke mimi ni mjukuu, nina ruhusa ya utovu wa adabu. Ulikuwa fundi. Saa ikienda kombo ulikuwa unauliza nini kwanza? Ulikuwa unamuuliza mteja, "Nani ameigusa kabla yangu?" Sasa nakuuliza wewe.

Nikiwa juu ya kigoda kazi yangu ilikuwa moja. Bibi alikuwa akiweka chungwa juu ya oveni, na mimi nalizuia lisianguke. Lisipozuiwa lilibingirika kila mara kwenda upande uleule, kwenye kona ya dirisha, likaangukia kwenye ndoo. Nilidhani machungwa yote duniani yana tabia hiyo. Niliponunua machungwa yangu mwenyewe huku, nikayaweka juu ya meza yakatulia, nilishangaa.

Oveni ilikuwa imeinama, Babu. Donge bado laini linapopata moto, linatiririka kidogo kuelekea kule kunakoshuka kabla halijakauka, na matunda yanafuata, na ukuta wa upande ule unakuwa mwembamba unapasuka. Hakuna aliyeziinamisha. Sakafu na mguu mfupi ndivyo vilivyookea familia hii. Kisha ukaja wewe na pimamaji.

Toa ubao.

Sasa lile la Pasaka. Siji. Nimeomba zamu mwenyewe, kwa hiyo usimlaumu Pasi. Mara ya mwisho nilipokuja, bibi alinipa kikombe cha chai, amekibana kwa viganja viwili, vidole vimesimama pembeni kama havimo kwenye shughuli. Nilikipokea haraka mno. Aliona kwamba nimekipokea haraka. Nikasema nina safari mapema, na safari haikuwepo. Tangu hapo kila nikipanga kuja nakiona kile kikombe.

Lakini oveni isitoke. Nakuomba. Nitakuja, nipe muda tu, na nikija niikute palepale. Nyumba ile mimi naijua kwa kona ile. Mkimpa fundi cherehani, nitakuwa nakuja kwa watu ninaofanana nao tu.

Mjukuu wako


Nyumbani,
26 Aprili

Mjukuu wangu mpenzi,

Marahaba. Sote wazima, na Pasaka imepita. Baba yako tumemuuliza hatimaye kuhusu viatu. Vinambana.

Nimesoma barua yako mbele ya oveni, na kwanza nilikasirika, kama fundi yeyote. Kisha nikachukua chungwa. Likatulia. Nikapiga magoti, goti la kulia likalia kabla yangu, nikavuta ule ubao. Nikaweka chungwa tena. Likaenda zake kwenye kona ya dirisha bila kuaga.

Jumamosi ile niliamka mapema, nikajituma mwenyewe kwenda kununua chumvi, ili mambo yaende kwa utaratibu wake. Donge likalala kitandani. Bibi yako alisimama mlangoni pa jiko muda wote, ameegemea, na mimi nilikuwa nikiongea peke yangu kama redio iliyopona. Zilipoiva nikafungua mlango. Mjukuu wangu, zilikuwa zimelala. Zote, upande mmoja, zinavuja, zimeungua pale pale panapotakiwa. Mbaya kabisa kwa macho. Nilikaa chini.

Bibi yako alichukua moja kwa viganja viwili, akaila yote, pamoja na upande mweusi. Akasema, "Ndizo."

Baba yako alikuja, akala, na alipofika kwenye ile iliyoungua zaidi akatazama pembeni kuona kama kuna wa kumsukuma. Hakukuwa na mtu. Akaikata nusu, nusu nyingine ameihifadhi kwenye kopo. Sijui atakuleteaje, lakini kopo lina jina lako.

Nikavua aproni, nikavaa kofia. Bibi yako akaniuliza naenda wapi.

"Kwa fundi cherehani. Kumwambia asahau oveni."

"Kwa nini asahau?"

"Si tulikubaliana? Zikitoka kama zako, inabaki."

"Hayo ulisema wewe," akasema. "Mimi nilikuambia oka. Umeoka. Nimefurahi sana. Sasa apewe."

Nikamwambia asijitese, kwamba sote tunaelewa huzuni yake, kwamba hata wewe kule uliko umeandika. Akaniuliza, "Huzuni gani?"

"Ya oveni."

Hapo akacheka, mjukuu wangu. Akacheka mpaka akashika mlango. Akasema, "Nimesimama mbele ya kitu hicho na mimba za wanao wote. Nimesimama na homa. Mguu ule nilikuambia uutengeneze kabla huyu mwanao hajaota meno, na ukaja kuutengeneza mwaka ambao nimeacha kuoka. Skonzi mlikuwa mnapenda nyinyi. Mimi napenda vitu vya chumvi."

Baba yako akasema, "Mama, basi kwa nini ulinyamaza njia nzima mlipotoka kwa daktari?"

"Nilikuwa nafikiria kiti."

"Kiti gani?"

"Cha kuweka pale. Ndipo dirisha lilipo. Miaka yote hii oveni ndiyo inayotazama nje."

Tukatazama sote. Ni kweli. Oveni imeziba dirisha mpaka katikati, na mimi nimepita hapo kila siku ya maisha yangu. Nikakumbuka alivyoniambia ile "Ndiyo" yake kuhusu kiti. Nilikuandikia neno kwa neno, na sote wawili tukaenda kuchunguza mguu wa oveni.

Nilimsomea ulichosema kuhusu kona ile. Nilimsomea na habari ya kikombe pia. Utanisamehe au hutanisamehe. Akasema nikuandikie hivi: kwamba siku ile ulipokipokea haraka alishukuru, kwa sababu kilikuwa kinamuunguza.

Na kwa kuwa uliniuliza nikajifanya nina kazi nyingi, nakujibu sasa. Anakishika kwa viganja viwili. Hakimwagiki.

Oveni ilichukuliwa Jumanne, na vijana watatu na maneno mengi. Kiti tumekiweka, kile cha mbao chenye mto. Bibi yako amehamia hapo. Asubuhi nikimaliza vifungo anakwenda moja kwa moja, anakaa na chai yake, anatazama nje, na ukimsemesha anakuambia ngoja kwanza. Njoo utakapoweza. Mahali pa kulala papo, na donge halipo tena.

Babu yako

Nimesahau jambo moja. Jana alipokwenda kuoga nilikaa mimi kwenye kile kiti, nione kuna nini huko nje. Kuna ukuta.